Fahamu: Kwa nini Oktoba 8 ni sikukuu nchini Peru

Oktoba 8, 1879, karibu na rasi ya Angamos, manowari ya Peru, Huáscar, ilibanwa na manowari mbili za Chile zenye ngao za chuma, Cochrane na Blanco Encalada. Kombora lilipasua mnara wa kuongozea meli na kumuua kamanda wake, Admirali Miguel Grau. Huáscar ikatekwa.

Vita hivyo kati ya Peru na Chile vilikuwa vya kugombania naitreti ya jangwa la Atacama, malighafi ya mbolea na vilipuzi. Jangwa halikupitika kirahisi, hivyo aliyetawala bahari ndiye aliyesafirisha askari. Baada ya Huáscar kutekwa, bahari ilikuwa ya Chile, na Novemba ikateremsha majeshi katika bandari ya Pisagua.

Grau, anayekumbukwa katika sikukuu hiyo, anastahili kuenziwa: mwezi Mei mwaka huohuo, huko Iquique, aliwaokoa mabaharia wa Chile ambao meli yao aliizamisha mwenyewe.