NANI ALIFAIDIKA NA UBAGUZI KAZINI?



Ubaguzi wa rangi kazini huelezwa mara nyingi kuwa ni chuki tu. Chuki ilikuwapo, lakini chuki peke yake haipangi mishahara. Hatuna budi kuuliza: nani alifaidika?

Tuitazame migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Vijana wa Malawi, wakisukumwa na kodi ya kibanda ya wakoloni, waliandikishwa huko na wakala wa migodi, Wenela. Mwenye mgodi hakupanga bei ya dhahabu. Tangu 1934 hadi 1971 ilikuwa dola 35 kwa wakia. Kwa kuwa hakuweza kuipandisha, aliubana ujira wa Mwafrika.

Fundi Mzungu naye aliogopa kuondolewa na mtu wa ujira mdogo. Mwaka 1922 wenye migodi walipotaka kuwapa Waafrika baadhi ya kazi za Wazungu, Wazungu hao walishika silaha, na serikali ya Smuts ikawakandamiza kwa jeshi na ndege. Mwaka 1926 sheria ikawanyima Waafrika na Wahindi vyeti vya ufundi. Mtoboa mwamba wa Kimalawi, hata akiujua mgodi kuliko msimamizi wake, hakuruhusiwa kupata cheti cha kulipua baruti. Tajiri akapata jasho rahisi. Fundi Mzungu akapata ukuta wa kumkinga.

Ukuta huo ulihitaji walinzi. Mchimbaji aliyeuacha mkataba alikamatwa na polisi kama mhalifu.

Aprili 1974 ndege ya Wenela ilianguka Francistown, Botswana, ikaua makumi ya wachimbaji wa Malawi. Serikali yao ikasimamisha uandikishaji, wakati Wamalawi zaidi ya laki moja walikuwa migodini. Bei ya dhahabu ilikwisha kupanda, na vibarua wakaadimika. Wenye migodi wakapandisha ujira wa Waafrika upesi. Mioyo yao haikugeuka mwaka ule. Iliyogeuka ni hesabu. Hata hivyo, kizuizi cha vyeti kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kwa hiyo, msikilizaji wa Area 18, Lilongwe, au wa Dzaleka, ukiambiwa kwamba watu fulani hawafai kazi fulani, uliza ni nani atakayelipwa zaidi wao wakizuiwa. Na askari anayeamriwa kulinda kizuizi cha namna hiyo ana haki ya kujua analinda mfuko wa nani.