Mbweha wa Bustanini: Uchunguzi wa Majira ya Baridi

Mbweha mwekundu wa Ulaya, ambaye wataalamu humwita Vulpes vulpes, ni wa jamii moja na mbwa, na kwa hiyo ana udugu wa mbali na mbweha wanaoonekana katika mbuga za Afrika Mashariki. Huko Uingereza hayawani huyu si mkazi wa mashamba na misitu peke yake. Katika miaka ya 1930, miji ilipotanuka na nyumba nyingi kujengwa zikiwa na bustani kubwa, aliingia mijini; na leo anaishi London, Bristol na miji mingine mingi.

Wenye nyumba hawakubaliani juu yake. Baadhi humwekea chakula kwa huruma, wakidhani baridi itamwua kwa njaa. Wengine, wakisikia makelele yake usiku, hutaka aangamizwe. Pande zote mbili zimekwisha kutoa hukumu. Lililobaki nyuma ni uchunguzi.

Namna ya kuchunguza

Majira ya baridi yanamfaa sana mchunguzi. Mwishoni mwa Desemba usiku wa London huchukua takriban saa 16, kwa hiyo mbweha huanza matembezi yake watu wangali macho. Miti mingi imepukutisha majani, na theluji au tope hutunza nyayo. Unyayo wa mbweha ni mwembamba kuliko wa mbwa wa kimo chake, una vidole vinne na alama za kucha. Aendapo polepole, mguu wa nyuma hukanyaga mahali palipokanyagwa na wa mbele, hata nyayo zikafuatana karibu katika mstari mmoja.

Vifaa vinavyohitajika ni daftari, saa, na tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu. Siku hizi wengi hutumia pia kamera inayojipiga yenyewe mnyama apitapo. Daftari ligawanywe sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza yaandikwe yaliyoonekana: tarehe, saa, hali ya hewa na tendo. Katika ya pili yaandikwe yanayodhaniwa. "Alibeba mfupa" ni jambo lililoonekana. "Alikuwa na njaa" ni dhana. Hata ukubwa wa mnyama waweza kudanganya. Manyoya mazito ya baridi humfanya aonekane mkubwa, ilhali aghalabu uzito wake ni kilo 5 hadi 7 tu, yaani hampiti sana paka mnene wa nyumbani.

Makelele ya Januari

Daftari lililotunzwa vema litaonyesha kwamba makelele huzidi kati ya Desemba na Februari. Hayo si dalili ya njaa wala ya ukali dhidi ya binadamu: ni msimu wa kupandana. Jike huweza kushika mimba kwa muda wa siku 3 hivi tu katika mwaka, na dume humfuata kila aendako ili asipitwe na siku hizo. Wakati huohuo vijana waliozaliwa masika yaliyopita, hasa madume, huacha eneo la wazazi kutafuta makao yao, wakikutana njiani na wenyeji wasiowataka. Mkojo wenye harufu kali unaoachwa langoni na kwenye vichaka ni tangazo la miliki.

Mimba huchukua siku 52 hivi. Mwanafunzi aweza kupiga hesabu mwenyewe: jike aliyepandwa tarehe 20 Januari atazaa katikati ya Machi, wakati baridi inapoanza kulegea na chakula kuongezeka.

Chakula kinachozikwa

Mwenye nyumba akiweka vipande kumi vya nyama, naye akaona vyote vimechukuliwa, huamini kwamba mgeni wake alikuwa anakufa kwa njaa. Mchunguzi akikaa zaidi dirishani ataona jambo jingine. Mbweha huchukua kipande, huenda nacho, hufukua kishimo, hukizika na kukifunika kwa pua, kisha hurudi kuchukua kingine na kukizika mbali na cha kwanza. Mwizi akifumbua kishimo kimoja, akiba iliyosalia huwa salama. Mwaka 1976 David Macdonald wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa mbweha hukumbuka mahali alipozika: alifukua akiba yake mwenyewe vizuri zaidi kuliko vyakula vilivyozikwa karibu na watu.

Funzo la Bristol

Mjini Bristol, ambako Stephen Harris na wenzake walichunguza mbweha kwa miaka mingi, ugonjwa wa upele uliingia mwaka 1994. Unaletwa na utitiri, mdudu mdogo mno achimbaye ndani ya ngozi. Mnyama hujikuna, hunyonyoka manyoya na kudhoofika. Kwa muda wa miaka 2 hivi zaidi ya asilimia 95 ya mbweha wa sehemu zilizochunguzwa walitoweka.

Msiba huo ulifunua mambo mawili yanayowahusu wote wanaogombana juu ya mbweha. Kwanza, palipokuwa na mbweha wengi mno waliokaa karibu karibu, maradhi hayakukosa njia. Kwa hiyo ukarimu unaowakusanya wengi penye sahani moja hauna budi kupimwa upya. Pili, kundi lilipokufa, majirani waliosalia walipanua miliki yao na kuingia katika eneo lililoachwa wazi. Basi anayemwua mbweha mmoja bustanini anamfungulia mlango mwingine. Afadhali kuziba uvungu wa kibanda, kufunika pipa la taka na kuimarisha banda la kuku.

Mwalimu wa sekondari hahitaji theluji ili kuwafundisha wanafunzi kazi hii. Komba au nguchiro wa uwanja wa shule, akiandikwa kila siku kwa saa ileile katika daftari lenye sehemu mbili, atatosha. Baada ya mwezi mmoja wanafunzi walinganishe sehemu hizo, wahesabu ni dhana ngapi zingali zimesimama.