Usikate dawa za tansiyo peke yako



Baadhi yetu tuliovuka Rusizi mwaka 2025 tuliacha dawa nyumbani. Wengine wanameza nusu ili zisiishe. Wengine wameziacha kwa sababu kichwa hakiumi tena. Hiyo ni hatari.

Tansiyo, au presha, ni ugonjwa wa kimya. Unaweza kujisikia mzima huku mishipa inaharibika. Mwisho wake ni kupooza, moyo kuchoka au figo kufa. Dawa kama propranololi, atenololi na klonidini ukizikata ghafula, moyo unaweza kwenda mbio na tansiyo kupanda sana.

Je, mtu anaweza kuachishwa dawa? Ndiyo, baadhi ya watu: kwa mfano aliyepunguza uzito, chumvi na pombe, na vipimo vyake vimekaa chini ya 140/90 kwa miezi mingi. Daktari anapunguza kidogo kidogo, dawa moja baada ya nyingine, na kupima tena. Tansiyo ikipanda, anairudisha dawa. Hata ukiachishwa, endelea kupimwa.

Ukienda kituo cha afya, au ukitumwa hospitali Bujumbura, chukua kitabu chako cha matibabu na ganda la dawa, hata likiwa tupu. Fika juma moja kabla dawa hazijaisha. Usiazime za jirani.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au kifua kikibana, usingoje asubuhi. Pelekwa mara moja.