Gari la Fundi wa Umeme katika Bonde la Lambwe

Tangu mradi wa kuwafikishia wananchi umeme hadi nyumba za mwisho uanzishwe nchini Kenya mwaka 2015, kazi ya kutandaza nyaya majumbani imewapeleka mafundi mbali na lami, na katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, gari la kazi halina budi kuchaguliwa kwa kuitazama ardhi kwanza, bei baadaye. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulioenea bondeni huvimba na kuteleza unaponyeshewa, kisha hupasuka wakati wa kiangazi, hivyo gari lenye tumbo la chini hukwama mapema.

Toyota Probox, iliyoingia sokoni mwaka 2002 na kupendwa mno na wachuuzi wa Kenya, imeundwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, lakini viti vya nyuma vikikaliwa uzito huo hushuka hadi kilo 250; fundi anayesafiri na wasaidizi watatu, shehena ya nyaya na ngazi juu ya keria huukaribia mpaka huo bila kujua. Kwa kazi za masika, pikapu inayosukumwa na magurudumu yote manne ndiyo inayostahili kununuliwa, hata ikiwa kuukuu kiasi. Pikipiki inatosha kwa matengenezo madogo, ila paipu za plastiki za kupitishia nyaya, ambazo ni ndefu kumpita mtu, haziwezi kufungwa juu yake kwa usalama.

Vitu vizito huwekwa sakafuni karibu na ekseli, kwa sababu mzigo ukiwa juu gari huyumba kwenye mteremko. Swichi na vikata-umeme, yaani vifaa vinavyozima umeme vyenyewe hitilafu inapotokea, hutunzwa katika masanduku yenye mifuniko inayobana, maana vumbi na unyevu huviharibu. Ngazi iwe ya faiba, kwa kuwa ile ya alumini hupitisha umeme.

Jambo moja ambalo wauzaji wa magari hawalitaji ni rangi. Karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruma, makao ya swala aitwaye korongo, kuna mbung'o, na wadudu hao hufuata vitu vinavyotembea, hasa vya buluu na vyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa fundi anayefanya kazi pande hizo, gari jeupe lafaa zaidi, pamoja na vioo vinavyofungika sawasawa.