Shujaa wa Vita ni Nani Hasa?

Wahenga wetu walisema kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii wengi tunaitumia vibaya. Twaifanya hoja ya kukimbia kila lililo zito. Mimi naona wahenga hawakuwa wakimsifu mwoga. Walikuwa wakituonya tuhesabu gharama kabla ya kumpigia mtu makofi.

Nimeikumbuka methali hii kwa sababu ya safari niliyokwenda Tala, katika kaunti ya Machakos. Rafiki yangu wa siku nyingi, Mkamba niliyesoma naye chuoni, alifiwa na baba yake. Nikapanda treni hadi Nairobi, nikashika matatu ya barabara ya Kangundo, tukapita Kamulu, tukapita Joska, hata nikafika Tala saa ya mazishi. Marehemu alikuwa mwanajeshi mstaafu. Aliingia jeshini katika miaka ya sitini, taifa likiwa changa, akatumwa Kaskazini Mashariki wakati wa vita vya shifta.

Wasifu ulisomwa, nyimbo zikaimbwa. Baadaye, tukiwa tumekaa chini ya hema twala, mjukuu wa marehemu, mvulana wa kama miaka kumi na mbili, alimwendea mzee mmoja aliyekuwa amevaa koti lenye nishani. Akamuuliza bila kupepesa macho: "Babu yangu aliua maadui wangapi?"

Watu wengine walicheka. Mzee hakucheka. Alimwambia: "Mimi sikumwona akiua mtu. Babu yako alikuwa dereva wa lori la maji. Barabara zilikuwa zimetegwa mabomu ya ardhini, na kila asubuhi alipanda lori lake akaenda. Asingekwenda, sisi tungekufa kwa kiu." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba siku moja njiani marehemu alikutana na akina mama wa wafugaji wenye watoto, akawamiminia maji ya mgao wake mwenyewe, na jioni akaomba nusu kikombe kwa wenzake. Rafiki yangu alinitazama. Baba yake aliishi zaidi ya miaka themanini na hakuwahi kumsimulia hilo.

Nilirudi Mombasa na swali la yule mtoto kichwani. Si lake peke yake. Ndilo swali la vijana wetu maskani, ndilo swali la filamu wanazotazama simuni. Kwao shujaa ni yule mwenye maiti nyingi nyuma yake. Kwa hivyo leo nataka tulieleze jambo hili taratibu.

Ujasiri si ujuba

Neno shujaa tumelipata kutoka Kiarabu, na pamoja na neno hilo kuna elimu ya tabia ambayo masheikh wetu wameifundisha msikitini kwa karne nyingi. Wanachuoni wa maadili walisema ushujaa ni jambo la katikati. Upande mmoja kuna jubn, yaani woga unaomfanya mtu aiache haki. Upande wa pili kuna tahawwur, yaani kujitosa kichwakichwa pasipo fikira wala haja. Kabla yao, Mgiriki Aristotle alikuwa amesema jambo lililo karibu sana na hilo.

Maana yake ni kwamba kutoogopa si ushujaa. Mwehu haogopi. Mlevi haogopi. Mtoto aliyemezeshwa vidonge akapewa bunduki haogopi pia. Shujaa huogopa, tena anajua vyema analoliogopa, lakini kuna jambo analoliona kubwa kuliko hofu yake. Yule dereva wa Tala alijua barabara ina mabomu.

Nia kwanza

Kipimo cha pili ni nia. Katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, tunafundishwa kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kuhukumiwa Siku ya Kiyama ni mtu aliyeuawa vitani. Atadai kwamba alipigana kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ataambiwa kuwa amesema uongo. Alipigana ili watu wamwite shujaa, na watu walikwisha kumwita. Malipo yake ameyapokea duniani, na mwisho wake ni Moto.

Hebu tulizingatie hilo. Mtu amekufa vitani, watu wanamlilia, labda na jina lake limeandikwa ukutani, na bado mbele ya Mola wake si kitu. Dini yetu haikuridhika na damu kuwa ushahidi wa ushujaa. Imeuliza damu hiyo ilimwagika kwa ajili gani. Na Hadithi nyingine inayojulikana sana inatuambia kuwa mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka. Mwenye nguvu ni yule anayeizuia nafsi yake anapokasirika. Hapa ndipo tunapokuja kwenye kipimo cha tatu.

Vita vina mipaka

Sayyidna Abu Bakr, alipotuma jeshi kwenda Sham, aliwausia makamanda wake wasiue wanawake, wala watoto, wala wazee, na wasikate miti yenye matunda. Wasia huo una zaidi ya miaka 1,300. Mtu mwenye silaha mkononi, aliyejawa na hasira, mwenzake ameuawa jana, kisha akamkuta asiye na silaha na akauzuia mkono wake: huyo ameishinda vita iliyo ngumu zaidi.

Basi tuambiane ukweli. Tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, wakaua. Watu 148 walipoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Waliofanya hivyo walijiita mashujaa wa Uislamu. Kwa kipimo kipi? Kumpiga risasi msichana aliyejificha chini ya kitanda chake kunahitaji ujasiri gani? Huo si ushujaa uliokosea njia. Tangu mwanzo haukuwa ushujaa.

Na mipaka hii haimhusu mmoja tu. Yamhusu pia askari wa serikali anapoingia kijijini usiku. Vita vya shifta vyenyewe viliwaumiza raia wengi wa Kaskazini Mashariki waliokuwa hawana bunduki. Ndiyo maana kile kikombe cha maji cha mzee wa Tala kimenigusa kuliko nishani.

Waliobeba mizigo

Tukishavikubali vipimo hivi, tunaanza kuwaona mashujaa ambao hatukuwa tukiwaona. Tazama jina la Kariokor pale Nairobi, na Kariakoo kule Dar es Salaam. Majina hayo ni kumbukumbu ya kikosi cha wachukuzi katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mamia ya maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki, wengi kwa kulazimishwa, walibeba risasi, unga na majeruhi vichwani mwao, porini, miezi kwa miezi. Makumi ya maelfu walikufa, na kilichowaua zaidi ni kuhara damu, malaria na njaa. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana.

Wakamba wa Machakos walikuwa miongoni mwa jamii zilizoandikishwa kwa wingi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na sisi Wapwani tulikuwa na kikosi cha Waarabu kilichoundwa Mombasa na Arthur Wavell mwaka 1914. Wavell aliuawa huko Mwele, Kwale, Januari 1916. Yeye amejengewa mnara karibu na Ngome ya Yesu, na watalii huupita kila siku. Vijana wa kwetu waliokuwa pamoja naye, majina yao ni nani anayeyataja?

Au tuchukue kisa cha Kilindini. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga hapa kwetu kuelekea Colombo. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, nayo ikazama ndani ya dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na pamoja nao wauguzi wa kike. Hawakupata nafasi ya kufyatua hata risasi moja. Tukihesabu ushujaa kwa idadi ya maadui waliouawa, hao wote ni sufuri. Akili inakataa.

Nishani hutolewa na nani?

Sisemi nishani hazina maana. Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kizungu wa Kenya aliyekuwa katika King's African Rifles, aliuawa huko Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941, akipanda juu ya kifaru cha Waitaliano ili kuwaokoa wenzake. Waingereza walimpa Msalaba wa Victoria, nishani yao kubwa kuliko zote. Alistahiki. Lakini katika vita vile vyote hakuna askari Mwafrika wa jeshi hilo hilo aliyepewa nishani hiyo. Je, yawezekana kwamba kutoka Ethiopia hadi Burma, katika maelfu yale, hakuwako hata mmoja aliyefanya kama Leakey? Nishani hupewa yule ambaye kitendo chake kimeonekana na mkubwa na kikaandikwa. Visivyoandikwa viko kwa Mwenyezi Mungu.

Mwalimu wa Mandera

Nimalizie na mtu ambaye hakuwa mwanajeshi. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa na al-Shabaab. Wauaji walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Akina mama walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio ya kujifunika. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa ndani ya basi hilo, alipigwa risasi. Alifariki hospitalini Nairobi tarehe 18 Januari 2016, Mungu amrehemu, na serikali ikamtunuku nishani baada ya kifo chake.

Siku tatu kabla ya kifo chake, tarehe 15 Januari, askari wetu wengi waliuawa kambini El Adde, Somalia. Wiki ile nchi ililia mara mbili: iliwalilia wanaume waliokufa wakiwa na silaha, ikamlilia mwalimu aliyekuwa mikono mitupu. Mpime mwalimu huyo kwa vipimo vyetu. Alijua hatari iko wapi. Hakutafuta sifa, kwani katika njia ile ya jangwani hapakuwa na kamera. Na alichokilinda ni roho za watu asiowajua, wasio wa dini yake.

Basi, vijana wetu

Nayasema haya kwa sababu najua mtaani kwetu mama mmoja ambaye mwanawe aliondoka miaka kadhaa iliyopita. Aliambiwa anakwenda kuwa shujaa. Hakuna aliyemletea mama yule habari, si ya uhai, si ya kaburi. Na siku hizi vijana wa Kenya wameripotiwa kuahidiwa kazi nzuri Urusi, kumbe wanapelekwa katika vita vya Ukraine. Bidhaa ni ile ile, rangi ya karatasi tu imebadilika. Kila anayetaka kumtumia kijana kama kuni humpamba kwanza kwa jina la shujaa.

Kijana wangu, akikujia mtu na neno hilo, muulize maswali matatu. Namlinda nani? Kuna mipaka gani nisiyoruhusiwa kuivuka? Na wewe unayenituma, mwanao yuko wapi? Akibabaika katika moja tu, rudi nyumbani kwa mamako.

Na kila tarehe 20 Oktoba, tunapoadhimisha Siku ya Mashujaa, tuwaulize wazee wetu waliobaki walifanya nini, tuandike wakingali hai. Ukiwauliza waliua wangapi, wengi watanyamaza. Waulize walimpa nani maji. Yule mvulana wa Tala alipata jibu siku ya mazishi, babu yake akiwa ameshalala kaburini.

Wabillahi tawfiq.