Utani, Fumbo na Uso wa Mtawala: Safari ya Kisanaa ya Gado

Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, katuni kwa kawaida hupewa nafasi ya pembezoni: hutajwa kama ushahidi wa lugha ya mitaani, kisha mjadala ukarejea kwenye riwaya na ushairi. Godfrey Mwampembwa, anayefahamika zaidi kwa jina la Gado, ameathiriwa maradufu na mazoea hayo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi zake imechapishwa katika magazeti ya Kiingereza. Hoja ya makala haya ni kwamba lugha ya maandishi yaliyomo ndani ya picha si kigezo cha kutosha cha kumtenga. Mbinu zinazobeba kazi yake, yaani utani, fumbo na tashtiti, zina mizizi katika sanaa ya maneno ya Afrika Mashariki, na misukosuko aliyopitia haieleweki vizuri bila mbinu hizo.

Gado alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Alianza kuchapisha katuni katika magazeti ya Tanzania akiwa bado kijana wa umri wa shule. Baadaye aliingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu majengo, lakini hakumaliza: mwaka 1992 alijiunga na Nation Media Group jijini Nairobi, akawa mchoraji wa Daily Nation na hatimaye wa The EastAfrican pia. Mafunzo ya uhuishaji aliyoyapata Vancouver Film School, Kanada, yalikuja wakati tayari ana jina.

Ili kuona alichobadilisha, ni lazima kukumbuka alichokikuta. Katuni ya Tanzania aliyokulia ilikuwa sanaa ya wahusika wa kubuni. Chakubanga wa Christian Gregory, katika gazeti la Uhuru, hakuwa mtu fulani. Alikuwa kila mtu. Jarida la Sani nalo lilikuwa na Lodi Lofa na Ndumilakuwili, majina yanayomhukumu mhusika kabla hajafungua kinywa. Huu ni utaratibu ule ule wa ngano, ambamo fisi ni mlafi na sungura ni mjanja, na msikilizaji ndiye anayeamua fisi wa kijijini kwake ni nani. Hata Masoud Kipanya, aliyekuja kujulikana baadaye, amemwachia panya kazi ya kusema. Msanii wa namna hii ana mlango wa kutokea. Akiulizwa, anaweza kujibu kwamba alichora panya tu.

Gado aliufunga mlango huo. Alifika Nairobi miezi michache baada ya Kifungu cha 2A cha Katiba ya Kenya kufutwa, Desemba 1991, na mfumo wa vyama vingi kurejea. Pamoja na wenzake wa kizazi hicho, Paul Kelemba (Maddo) akiwa mmojawapo, aliuleta uso wa rais mwenyewe katika ukurasa wa gazeti: pua yake, fimbo yake, mkao wake. Kihakiki, hapa ndipo mhusika bapa wa kubuni anapompisha mtu halisi, na ndipo swali la leseni ya msanii linapoanza kuwa zito.

Inafaa kutua kidogo kwenye kazi yake ya Kiswahili. Mwaka 1996 shirika la Sasa Sema la Nairobi lilichapisha kitabu chake cha hadithi za picha, Abunuwasi. Mhusika huyo ana asili katika mshairi Abu Nuwas wa Baghdad, lakini Waswahili walikwisha kumfanya mtu wao: mjanja anayemwaibisha sultani mbele ya baraza lake na kuondoka salama. Kuhamisha hekaya ya namna hii kutoka simulizi hadi picha ni jambo lenye uzito wa kiisimu. Fanani huijenga hadithi kwa kiambishi -ka-: akaenda, akamwambia, akacheka. Katika hadithi ya picha, kazi ya -ka- huchukuliwa na mfuatano wa fremu, na kinachobaki kwa maneno ni mazungumzo yenyewe, ya papo kwa papo. Sauti ya msimulizi hupungua. Uso wa mhusika hupanda cheo. Uteuzi wa Abunuwasi haukuwa wa bahati nasibu kwa msanii ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kumkabili sultani.

Abunuwasi hulindwa na akili yake. Jamii za pwani zina ulinzi mwingine, ambao ni utani. Dar es Salaam imekua katika nchi ya Wazaramo, ambao makao yao yanaenea hadi Kisarawe na bonde la Ruvu. Misafara ya karne ya 19 iliyokwenda na kutoka bara iliuvuka mto huo, na utani wa Wazaramo na Wanyamwezi huhusishwa na mikutano ya njia hizo. Mtani ana ruhusa ya kumdhihaki mtu hadi msibani kwake, na anayedhihakiwa hapaswi kukasirika. Lakini ruhusa hiyo hulipiwa: mtani huyo huyo ndiye anayesaidia mazishi. Mchora katuni hujitwalia ruhusa bila kuwa na wajibu wa kurudisha, na mtawala hajawahi kukubali kwamba yeye ni mtani wake.

Januari 2015 tofauti hiyo ilijitokeza wazi. Gado alimchora Rais Jakaya Kikwete akiwa amejinyoosha kama mfalme wa Kirumi, akistareheshwa na wanawake waliowakilisha maovu ya utawala, rushwa ikiwa miongoni mwayo. Mwezi huo huo serikali ilizuia usambazaji wa The EastAfrican nchini Tanzania. Sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa kwamba gazeti halikusajiliwa nchini, ingawa lilianzishwa mwaka 1994 na lilikuwa limeuzwa humo kwa miaka mingi. Katuni haikutajwa. Wengi, Gado mwenyewe akiwamo, waliihusisha marufuku hiyo na mchoro ule. Kwa maneno mengine, msanii aliyeacha kujificha nyuma ya fumbo alijibiwa kwa fumbo. Tena Kikwete ni Mkwere wa Msoga, mtu wa ukanda ule ule wa Pwani uliozoea utani.

Nchini Kenya jazanda iliyozua manung'uniko ilikuwa nyingine. Wakati Uhuru Kenyatta na William Ruto wakikabiliwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Gado aliwachora mara kwa mara wakiburura mnyororo wenye tufe la chuma mguuni. Mchoro huo hauhitaji neno hata moja, na kwa kuwa ulirudiwarudiwa ulifanya kazi ya kibwagizo: msomaji aliutazamia kabla hajaufikia. Aliyeudhika hakuwa na sentensi ya kuikanusha.

Mwaka 2016 mkataba wake na Nation haukuendelezwa, akahamia The Standard. Mei mwaka huo alipokea Geneva, pamoja na Zunar wa Malaysia, tuzo ya kimataifa ya wachora katuni wa magazeti. Wakati huo vikaragosi vya The XYZ Show, kipindi alichokianzisha kwenye televisheni ya Kenya mwaka 2009, vilikuwa vimekwisha kuwapa watawala wale wale sauti, na walizungumza Kiingereza, Kiswahili na Sheng.