Kazino za Las Vegas zinapunguza malipo ya mashini za poka: hesabu inafanyika namna gani?

Kila mama anayenunua unga sokoni anajua ujanja wa kopo. Bei ni ileile ya mwezi uliopita, lakini chini ya kopo pamegongwa nyundo kidogo, pameingia ndani. Unga unaofika nyumbani umepungua, na watoto ndio wanaotambua kwanza. Jambo linalofanana na hilo limetendeka kwa miaka mingi katika kazino za Las Vegas, jimbo la Nevada, Marekani, kwa mashini za karata zinazoitwa video poka. Tofauti ni kwamba huko kopo halikufichwa. Limeandikwa kwa tarakimu kwenye kioo cha mashini, na mtu anayejua tarakimu mbili za kuangalia anaweza kusema limebonyezwa kiasi gani.

Msomaji wa Goma, Beni, Bukavu au Uvira atauliza: habari ya Las Vegas inatuhusu nini? Inatuhusu kwanza kwa sababu jamaa zetu wengi wamepokewa Marekani kama wakimbizi, na wengine wanaishi Nevada kwenyewe. Tena, vijana wetu wanaocheza pari ya mpira wanacheza juu ya hesabu ya namna hiyohiyo bila kuijua. Makanisani tumezoea kusema kwamba kamari ni mbaya, na tunaishia hapo. Kijana akiuliza pesa yake inakwenda wapi, na kwa njia gani, hatuna jibu. Basi tuangalie jibu, na mashini ya poka ni mwalimu mzuri, kwa sababu haifichi kitu.

Mashini yenyewe ina kioo kama cha televisheni. Mchezaji anaweka pesa, anabonyeza kifungo, na karata 5 zinatokea. Anachagua zile anazotaka kubaki nazo, anatupa nyingine, naye anapewa mpya mahali pake. Hizo 5 za mwisho tunaziita mkono. Kisha mashini inalipa kufuatana na orodha iliyoandikwa juu ya kioo. Jozi ya J, Q, K au A inarudisha sarafu uliyoweka, basi. Jozi mbili zinalipa sarafu 2 kwa kila moja uliyoweka. Karata 3 za namba moja zinalipa 3. Orodha inapanda hivyo mpaka ule mkono mkubwa kuliko yote, yaani 10, J, Q, K na A za alama moja.

Mchezo huu ulianza kuenea mwaka wa 1979, wakati kampuni ya Si Redd, mfanyabiashara wa Nevada, ilipouingiza katika kazino. Kampuni hiyo baadaye iliitwa IGT, nayo ni kati ya watengenezaji wakubwa wa mashini za kamari duniani. Watu waliupenda kwa sababu mchezaji anafanya uchaguzi mwenyewe. Lakini sheria ya Nevada iliuwekea jambo lingine ambalo mashini za kuzungusha matunda hazina. Inasema kwamba mashini ikionyesha karata, kila karata lazima iwe na nafasi ya kutokea sawa na ile ambayo ingekuwa nayo katika karata 52 za kweli zilizochanganywa mezani. Kwa mashini za matunda, mbili zinaweza kufanana kabisa kwa sura, moja ikilipa vizuri na jirani yake vibaya, na mchezaji hana njia ya kujua. Kwa poka, karata 52 ni karata 52. Mwenye kazino akitaka kupunguza malipo hawezi kuzigusa karata; inabaki aiguse orodha. Kiwanda kinamletea mchezo mmoja wenye orodha kadhaa zilizokubaliwa na serikali, naye anachagua ile anayotaka.

Sasa zile tarakimu mbili. Katika mchezo wa kawaida, ule unaoanza kulipa kwa jozi ya J, angalia mistari miwili ya katikati. Mmoja ni wa mkono wa karata 3 za namba moja pamoja na jozi, tuuite tatu-na-mbili. Mwingine ni wa karata 5 za alama moja, kwa mfano zote kopa. Mashini nzuri ya zamani inalipa 9 kwa tatu-na-mbili na 6 kwa alama moja. Wachezaji wanaiita tisa-sita. Mtu akiicheza bila kosa hata moja, kwa muda mrefu sana, inamrudishia asilimia 99.54 ya pesa anazoweka.

Halafu siku moja anarudi, anakaa kwenye kiti kilekile, na orodha inasema 8 na 5. Mengine yote hayakuguswa. Wengi hawaoni kitu, au wakiona wanasema: sarafu moja hapa, moja pale, ni nini? Tufanye hesabu. Mkono wa tatu-na-mbili unatokea karibu mara 1.15 katika mikono 100, na ule wa alama moja karibu mara 1.10. Ukipunguza sarafu moja kwa kila mmoja, umeondoa jumla ya karibu asilimia 2.25. Mashini ya asilimia 99.54 imekuwa ya 97.30.

Asilimia mbili bado inasikika kidogo. Lakini mchezaji mwenye mazoea anacheza kwa urahisi mikono 600 kwa saa moja. Akiweka sarafu 5 za senti 25 kila mkono, yaani dola 1.25, kwa saa moja amepitisha dola 750 ndani ya mashini. Pesa ni zilezile chache zinazoingia na kutoka, ndiyo maana hatambui kwamba amepitisha nyingi hivyo. Kwenye tisa-sita, saa hiyo inamgharimu kwa wastani dola 3.45. Kwenye nane-tano inamgharimu dola 20.25, karibu mara sita. Na kuna mashini za sita-tano, zinazorudisha asilimia 95: hapo saa moja ni dola 37.50. Mchezo ni uleule, karata ni zilezile, taa na muziki havikubadilika. Yote hayo ni halali kabisa, maana sheria ya Nevada inadai mashini irudishe angalau asilimia 75 tu.

Hesabu hizi zote ni za mtu asiyekosea, na watu wa namna hiyo ni wachache. Chukua mfano: umepewa jozi ya 6, na katika zile karata 5 nne ni kopa. Ubaki na jozi, au utupe 6 moja na kutafuta kopa ya tano? Wengi wanashika jozi, kwa sababu kitu kilicho mkononi kinatuliza moyo. Lakini kati ya karata 47 zilizobaki, 9 ni kopa. Zidisha 9 kwa malipo ya 6, gawanya kwa 47, unapata sarafu 1.15 kwa wastani. Jozi ndogo ina thamani ya karibu 0.82. Kwa hiyo anayeishika jozi anapoteza theluthi moja ya sarafu bila kuambiwa na mtu yeyote. Makosa ya namna hiyo yakirudiwa usiku mzima ndiyo yaliyolisha kazino hata pale orodha ilipokuwa nzuri.

Kuna pia ule mkono mkubwa. Kwa sarafu 5 unalipa sarafu 4,000, lakini hutokea mara moja tu katika mikono karibu 40,000. Kwa mwendo wa mikono 600 kwa saa, hiyo ni zaidi ya saa 66 mbele ya kioo. Karibu asilimia 2 ya malipo yote iko ndani ya mkono huo mmoja. Mtu anayecheza jioni moja na kurudi nyumbani, kwa kawaida hatauona, na kwake hata tisa-sita ni kama mashini ya asilimia 97 na kidogo.

Je, zilikuwapo mashini zilizolipa zaidi ya asilimia 100? Ndiyo, na hapa ndipo hadithi inapochangamka. Upo mchezo ambao karata zote nne za namba 2 ni jokeri, zinaweza kuchukua nafasi ya karata yoyote. Katika orodha yake ya zamani, ukichezwa bila kosa unarudisha asilimia 100.76. Miaka ya 1990 mashini hizo zilikuwa nyingi katika kazino za Las Vegas zinazotegemea wenyeji wa mji. Kompyuta za nyumbani zilipoenea, watu walinunua programu za kujifunzia, wakakariri uchaguzi ulio bora kwa kila mkono, wakaenda kucheza kama waendao kazini. Kazino pia ziliwapa wachezaji kadi za kukusanya pointi, na pointi zikawa chakula, vyumba vya bure na pesa taslimu. Anayejulikana sana kati yao ni Bob Dancer, aliyeandika kitabu kuhusu namna alivyopata zaidi ya dola milioni moja kwa muda wa miezi sita hivi, akicheza mashini za dau kubwa sana na kuunganisha zawadi zote za kazino.

Lakini tusidanganyike na dola milioni. Kwa mchezaji wa senti 25, ile asilimia 0.76 ya ziada juu ya dola 750 ni dola 5.70 kwa saa, pasipo kosa hata moja. Mshahara wa chini kabisa uliowekwa na serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa. Mtu aliyefagia hoteli hiyohiyo alipata zaidi, tena bila kungoja bahati.

Pamoja na hayo, wenye kazino waliamua kukata. Katika mchezo wa jokeri, mkono wa karata 4 za namba moja ulikuwa unalipa 5. Unatokea zaidi ya mara 6 katika mikono 100, kwa sababu jokeri zinasaidia. Weka 4 mahali pa 5, na mashini ya asilimia 100.76 inaanguka hadi 94.34. Ni tarakimu moja tu iliyoguswa. Mahali pengine walikata wakaongeza kidogo katika mistari mingine ili kutuliza, ikawa asilimia 99.73. Zile za zamani leo zimebaki chache.

Sababu iliyotolewa mara nyingi ni hao wachezaji wajuzi. Mimi naona ni nusu ya ukweli. Mjuzi akiona orodha imebadilika anasimama na kuondoka. Kusoma orodha ndiyo kazi yake. Anayebaki kwenye kiti ni mzee aliyestaafu, mfanyakazi aliyetoka zamu ya usiku, mgeni aliyekuja kwa siku tatu. Hao hawakuwa wakiishinda kazino hata kwa orodha nzuri, na sasa ndio wanaolipa kipunguzo.

Na anayelipa zaidi ni mwenye kidogo. Mara nyingi orodha nzuri zimewekwa kwenye mashini za dola 1 au dola 5 kwa sarafu, na zile mbaya kwenye senti 25 na senti 5. Tena, ule mkono mkubwa unalipa 800 kwa kila sarafu ikiwa umeweka 5. Ukiweka moja unalipa 250. Mtu anayejizuia, anayesema nitaweka sarafu moja tu ili pesa idumu, anaadhibiwa kwa zaidi ya asilimia 1. Wasomaji wa Mithali wanajua habari za mizani ya udanganyifu. Mizani hii haidanganyi, imeandikwa wazi, lakini inampimia maskini kwa kopo dogo.

Mambo hayo hayakuishia kwenye poka. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina sifuri moja, nalo linabakiza kwa kazino asilimia 2.70. Lile la Marekani lina sifuri mbili, asilimia 5.26. Kuanzia mwaka wa 2016 Las Vegas ilianza kuweka magurudumu yenye sifuri tatu: asilimia 7.69. Malipo kwa anayeshinda hayakubadilika, ni 35 kwa 1. Kilichoongezwa ni shimo moja ambalo mpira unaweza kuangukia.

Na pari ya mpira? Chukua mchezo ambao pande mbili zina nafasi sawa kabisa, kama kurusha sarafu. Kote ya haki ingekuwa 2.00 kwa kila upande. Kampuni inaandika 1.90 na 1.90: inarudisha asilimia 95. Ikiandika 1.80 na 1.80, inarudisha 90. Kijana aliyeshinda hatalalamika, ameshinda. Aliyepoteza haangalii kote, anailaumu timu. Hivyo kipunguzo kinapita katikati ya wawili hao bila kusalimiwa. Ili kukiona, gawanya 1 kwa kila kote iliyoandikwa kwa mchezo huo, mshindi, sare na mshindwa, kisha ujumlishe. Kinachozidi 1 ndicho kopo lilichobonyezwa.

Wale ndugu wanaofika Nevada hawatahitaji kwenda kwenye jengo la kazino ili kukutana na mashini hizi. Sheria ya jimbo inaruhusu hadi mashini 15 katika maduka ya vyakula, vituo vya petroli na baa, kwa watu wenye miaka 21 na zaidi. Mtu ametoka kununua mchele na mafuta, chenji iko mkononi, na viti viko palepale. Hapo orodha kwa kawaida ni mbaya kuliko za kazino kubwa.